Taa ya Kushoto

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimerudi kutoka Bungu, nilikokwenda kumuuguza mama. Anaendelea vizuri. Siku ya mwisho alilalamikia chumvi ya mchuzi wangu, nikajua amepona. Mvua ya kwanza ya vuli imenipokea Lushoto mjini, na ukungu umenisindikiza mpaka huku kwetu juu ya Mlalo.

Daftari hili alinipa binti yangu Janeth alipokuja likizo. Alisema, andika msimu huu, Mama, mpaka siku yangu ifike. Siku yake ni Jumapili ya tarehe kumi Desemba, atakapobarikiwa kuwa mchungaji kule Lushoto. Nimeandika sentensi hiyo na nimeirudia kuisoma. Mwanangu, mchungaji. Wanaosema majivuno ni dhambi hawajamzaa Janeth.

Sasa niandike kilichoniudhi. Gari langu limepakwa rangi. Mume wangu Aron, fundi seremala, mtu ambaye hajashika usukani tangu azaliwe, amechukua rangi iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa akaupaka uso wa pikapu yangu: bampa, shoo yenye matundu ya kupitisha hewa, mpaka kwenye mashavu yanayobeba taa. Pikapu ni nyeupe iliyokwisha kuwa kijivu. Rangi ya kanisa ni ya maziwa. Ukiliona kwa mbali, gari langu linafanana na dada aliyejichubua uso akasahau shingo.

Alikuwa amesimama kando akisubiri nimpongeze. Nilimwambia gari ni langu, kazi yake ni mbao, na asiliguse tena. Akasema kutu ilikuwa imeanza kula bati, naye alitaka siku ya Janeth gari liwe safi. Nikamwambia kutu nayo ni yangu. Akaingia jikoni kuwasha moto.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua. Nimepeleka kabichi Lushoto. Njiani watu wameniuliza kama nimenunua gari jingine. Nikakanyaga mafuta.

Ijumaa, 20 Oktoba

Leo nimetangulia kwa mara ya kwanza msimu huu. Janeth anajua maana yake, ila wajukuu watakaosoma huenda hawatajua, kwa hiyo nieleze.

Wakati wa ukungu, magari ya upande wetu hayaingii msitu wa Magamba moja moja. Tunasubiriana njia panda, kisha mmoja anatangulia na wengine wanazifuata taa zake za nyuma. Hakuna kupitana. Kila kona, anayetangulia anapiga honi. Hachaguliwi kwa umri wala kwa ukubwa wa gari. Ni yule tu ambaye wenzake wakiwa nyuma yake wanaweza kupiga soga. Zamani alikuwa baba yangu, mzee Abrahamu, na lori la misheni. Baada yake walipita wengine, na sasa ni mimi, mwanamke wa kabichi. Sikuomba. Asubuhi moja niliona tu kwamba hakuna anayewasha injini mpaka niwashe mimi.

Baba ndiye aliyenifundisha kutumia balbu za njano. Taa nyeupe kali inaugonga ukungu na kukurudia machoni. Ya njano, tena iliyoinamishwa, inakuonyesha ukingo wa barabara, na kwenye makorongo ya huku kwetu ukingo ndio unaoutafuta. Salvatory, mwenye Noah ya abiria, amefunga taa nyeupe za kisasa, kali za kuweza kuchoma nyama, na anazisifu kila anaposhika kikombe cha chai. Leo alinifuata nyuma kimya kimya mpaka tukatokea Lushoto. Nimefurahi, na siombi radhi.

Jumapili, 29 Oktoba

Mwinjilisti wetu Nathanaeli ametangaza kanisani. Tarehe kumi Desemba mtaa mzima unakwenda Lushoto kwa ajili ya Janeth: kwaya, akina mama, wazee, vijana wa tarumbeta. Magari yote yaliyopo yatakwenda kwa mstari. Akasema, "Mama Janeth atatangulia," kama mtu anayesema jua litachomoza. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Niliinamia kitabu cha nyimbo ili meno yangu yasionekane. Aron aliugusa mkono wangu. Nilimwachia.

Alhamisi, 2 Novemba

Taa kubwa ya kushoto imefifia. Niligonga shimo pale darajani, ikarudi. Usingizi tu.

Jumamosi, 4 Novemba

Si usingizi. Imekufa kabisa, katikati ya Magamba, nikiwa nimetangulia. Nilimaliza msitu kwa taa ya kulia peke yake, huku upande wa kushoto, wa korongo, ukiwa mweupe kama shuka. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na jasho langu.

Nikirudi nilipitia dukani kwa Zabron pale Mlalo, muuza spea, nikanunua balbu mpya ya njano. Nyumbani niliifunga mwenyewe, kama ninavyofunga kila kitu cha gari hili. Nikawasha. Kulia, taa. Kushoto, giza. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Giza. Balbu ya zamani nimeitupia kwenye kisanduku cha mbele.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimebadilisha fyuzi. Giza.

Jumanne, 7 Novemba

Nimebadilisha rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye taa, nikakagua waya mpaka nyuma ya betri, nikalowa mpaka kwenye mifupa. Giza. Aron aliniletea mwavuli akanishikia. Nilimwambia anizibie mvua, asinizibie mwanga.

Jumatano, 15 Novemba

Nilijua itafika siku ya kwenda kwa fundi umeme, na imefika. Kule Lushoto fundi alibana upande mmoja wa testa, taa yake ndogo ya kupimia umeme, kwenye betri, upande wa pili akauchomeka kwenye soketi ya taa yangu. Testa ikawaka vizuri sana. Akasema, "Umeme unafika, mama. Aliyekuuzia balbu kakuuzia feki." Kazi yenyewe haikumaliza hata wimbo mmoja wa redio yake.

Nimerudi na hasira iliyokunjwa vizuri, tayari kwa safari.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimempelekea Zabron. Ilikuwa siku ya gulio, duka limejaa, na mimi sikushusha sauti. Nilimwambia anauza takataka, kwamba mimi ninabeba roho za watu kwenye ukungu na yeye ananiuzia vioo vya kuchezea watoto. Nilisema na mengine. Mama mmoja aliyekuwa ameshika betri ya redio aliirudisha mezani taratibu, akatoka.

Zabron hakubisha. Ni kijana mpole, amerithi duka kwa baba yake. Alivuta boksi jingine, akatoa balbu nyingine ya njano, akaiweka mbele yangu.

"Kajaribu hii, Mama Janeth," alisema. "Isipowaka nayo, urudi uyachukue maneno yako."

Haikuwaka. Sijarudi.

Ijumaa, 17 Novemba

Ukungu. Sikuenda popote. Nimemenya maharage.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimewaambia njia panda kwamba sitangulii mpaka taa ipone. Ni afadhali niseme mwenyewe kuliko kusemwa. Salvatory akapiga kifua na kutangulia, na Nathanaeli akiwa ndani ya Noah yake kwa shughuli za mtaa.

Tulipoingia msituni, zile taa za kuchoma nyama ziliwasha ukungu wote ukawa ukuta wa chokaa. Mstari ulisimama. Ukaenda, ukasimama. Mwishowe kondakta wake alishuka akatembea mbele ya gari na tochi, sisi tukimfuata kwa mwendo wa maziko. Nilikuwa nyuma yao na jicho langu moja. Nikiri kwamba nilifurahi kwa kitambo, kisha nikamfikiria Janeth anatusubiri kanisani na sisi bado tunatembezwa na tochi, furaha ikaniisha.

Jumapili, 19 Novemba

Nathanaeli amekuja nyumbani baada ya ibada. Kwa kawaida anakaa, anasifia migomba, ndipo anasema. Leo alisema akiwa bado amesimama. Mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani tarehe tatu, awe ameziona taa zangu zote mbili zinawaka. La sivyo Salvatory atatangulia, na kondakta wake atatembea na tochi, na tutatoka usiku wa manane ili tuwahi.

"Ni watu wa mtaa mzima, Mama Janeth. Siwezi kuwaweka nyuma ya jicho moja."

Nilimwambia anafanya sawasawa, na nilimaanisha. Nikasema pia taa itawaka. Hilo nalo nilimaanisha, ingawa sikujua kwa njia gani. Aron alikuwa mlangoni na randa mkononi, akaanza kusema kitu, nikamwambia kwanza amletee mgeni chai. Akaenda kuleta chai.

Jumatano, 22 Novemba

Nimebadilisha soketi. Giza.

Alhamisi, 23 Novemba

Janeth amepiga simu. Wanafundishwa namna ya kusimama, namna ya kupiga magoti, namna ya kushika kanzu isikanyagwe. Anacheka lakini anayarudia mara mbili mbili. Akasema asubuhi ya siku yenyewe, kabla hawajaitwa kujipanga, atasimama langoni atuangalie tukishuka kutoka Magamba.

"Nitawajua kwa taa, Mama. Kama tulivyokuwa tunamjua babu."

Sikumwambia habari ya taa. Nilisema tu asisahau kula.

Nimekaa na maneno hayo. Sisi watoto tulikuwa tunasimama ukingoni mwa shamba, na katika weupe ule wote yanatokea macho mawili ya njano, na mama anasema haya, kaongezeni maji kwenye sufuria, baba yenu amefika. Ninataka Janeth aone hivyo. Sitaki kingine. Watu wakisema mimi, Klara, ninajivuna kwa kutangulia, waseme, lakini hiki si kwa ajili yao.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua kutwa. Barabara imekatika mahali, wameziba kwa mawe. Aron ametengeneza benchi la kufunga nyuma ya pikapu ili wazee wa kwaya wakae. Amelipiga rangi. Niliinama kuokota kijiko nikaona amepaka hata chini, upande ambao hauonwi na mtu isipokuwa kuku. Nilimtania kwamba kuku watafurahi. Alisema mbao huku kwetu haiozi kuanzia juu.

Alhamisi, 30 Novemba

Hakuna jipya. Nimeota nasukuma gari.

Jumamosi, 2 Desemba

Ninaandika mkono ukiwa na grisi, Janeth atanisamehe karatasi hizi.

Kesho ndiyo siku ya Nathanaeli. Leo baada ya chakula cha mchana nilisogeza gari mpaka uso wake ukatazama ukuta wa jiko, nikafungua boneti, na nikajiambia nianze upya kama mtu asiyejua lolote. Maana ninavyojua vimenifikisha hapa.

Nilichukua balbu ya pili ya Zabron, ile ya boksi jingine, nikaiunganisha na betri moja kwa moja kwa vipande viwili vya waya. Ikawaka. Nikachukua ile ya kwanza, ile niliyoiita kioo cha kuchezea watoto. Ikawaka. Hapo nikaanza kusikia joto masikioni. Nikaenda kwenye kisanduku cha mbele nikatoa ya zamani kabisa, iliyokufa msituni, niliyoitupa bila hata kuiuliza. Ikawaka, njano na tulivu, kama haijawahi kugombana na mtu.

Nilikaa juu ya tairi la akiba. Akilini nilimwona Zabron na lile duka limejaa watu. Kama mtu angefika wakati ule, angeniona nimejishika mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Unaweza kuuliza, Janeth, kwa nini sikuijaribu balbu kwenye taa ya kulia siku ya kwanza. Kwa sababu taa ya kulia ndiyo iliyokuwa imebaki, na skrubu zake zimekula kutu, na nilikuwa naogopa kugusa kizima nikakiua. Mama yako anaogopa pia. Andika mahali.

Basi, umeme unafika, fundi aliuona. Balbu ni nzima, nimeziona mwenyewe. Nini kimebaki? Nikamkumbuka baba chini ya lori, akinieleza mimi niliyekuwa nashika spana kubwa kuliko mkono wangu, kwamba umeme ukienda lazima urudi. Unakwenda kwa waya, unarudi kwa bati la gari lenyewe mpaka kwenye betri. Ukikosa njia ya kurudi hauendi. Yule fundi alibana testa yake kwenye betri, kwa hiyo testa ilikuwa na njia yake ya kurudi. Taa yangu ilikuwa inatumia ipi?

Nilirudisha balbu mahali pake, nikawasha swichi, na safari hii sikuangalia taa kubwa. Niliangalia pembeni. Indiketa ya kushoto, ambayo sikuigusa, ilikuwa inawaka kwa mbali, nyekundu ya kaa linalozimika. Mwezi mzima umeme wangu umekuwa ukitafuta kwa jirani mlango wa kutokea, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nalaumu watu.

Nikachukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye hasi ya betri, wa pili nikaugusisha pale waya mweusi unapoingia kwenye soketi. Ukuta wa jiko ukawa wa njano. Kuku waliokuwa wamejikunyata pale walitawanyika. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, ila ilikuwa Kishambaa.

Waya mweusi niliufuata kwa vidole. Unapita nyuma ya taa, unashuka, na kufungwa kwa bolti kwenye shavu la gari, kwa ndani, mahali ambapo ni lazima utoe taa yote ndipo upaone. Nikafungua bolti. Chini yake, kote mkono wangu ulipofika, palikuwa na rangi ya maziwa.

Hasira ilinipanda mpaka puani. Nilifungua mdomo kumwita Aron kwa ile sauti yangu ya gulioni. Kisha nikapitisha kidole. Rangi ilikuwa laini. Hapakuwa na mstari wa brashi, hapakuwa na tone lililoganda. Mahali ilipobanduka kidogo kwa bolti niliona rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na chini yake bati lililosuguliwa kwa msasa mpaka likawa laini kama bakuli. Alikuwa ametoa taa nzima, akafungua kila bolti, akakwangua kutu yote kwa mkono, akapaka, akasubiri ikauke, akapaka tena, akarudisha kila nati mahali pake. Kule ndani. Ambako hata kuku hawafiki.

Nikaenda kuangalia upande wa kulia. Kutu tupu, na taa inawaka. Huko hakuwa amefika. Nilirudi kutoka Bungu kabla hajafungua.

Nilimwita kwa sauti ya kawaida. Alikuja akijifuta vumbi la mbao.

"Hapa ulifungua wewe?"

Aliiangalia bolti mkononi mwangu. "Nilifungua. Kutu ilikuwa imeingia ndani. Kupaka nje peke yake niliona kama ni kukudanganya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisiliguse," alisema. "Na siku ile ya Nathanaeli nilitaka kuuliza kama zile bolti zinaweza kuhusika. Ukanituma chai."

Hakusema kwa kinyongo. Nilisimama na spana yangu na nikaona aibu, aibu ya kweli, mbele ya mtu ninayekula naye kila siku. Jibu la taa yangu lilikuwa linalala nyumba hii hii, na mimi ndiye niliyelifunga mdomo.

Pamoja na aibu kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho ninachotaka kukiandika vizuri. Nilijivunia mume wangu. Niliangalia ule upakaji tena nikafikiri, kuna wake wangapi huku milimani ambao waume zao wanawapakia rangi mahali pasipoonekana, halafu wanatukanwa, halafu wanashika mwavuli?

Nilimweleza kwamba bolti inahitaji kugusa bati tupu, na kwamba wiki zile za kwanza meno ya bolti yalikuwa yanagusa bati kidogo, mpaka unyevu ukayala; umeme hauwezi kupita kwenye rangi, hata iliyopakwa vizuri hivi. Nilisema "vizuri hivi" na akanitazama haraka. Akaenda karakana akarudi na msasa. Nilitaka kukwangua mimi, akaniambia nimwachie. Aliisugua kazi yake mwenyewe, duara dogo linalotosha bolti, bati likang'aa. Nikafunga waya. Nikawasha.

Macho mawili kwenye ukuta wa jiko. Aron alikaa kwenye tairi la akiba akayatazama kama mtu anayeota moto, na mimi nikakaa pembeni yake, na mvua ikaendelea na mambo yake.

Jumapili, 3 Desemba

Nathanaeli ameziona. Alizunguka gari, akainama, akawasha mwenyewe, akazima, akawasha. Akasema, "Sawa." Salvatory alikuwepo. Naye akasema sawa, tena nadhani kwa nafuu.

Alhamisi, 7 Desemba

Niliyatoa gulioni, kwa hiyo nimeyachukua gulioni. Nilisubiri duka lijae. Nilisema mbele ya watu kwamba balbu za Zabron ni nzima, zote, kwamba kosa lilikuwa kwenye gari langu na kwenye mdomo wangu, na kwamba nimekuja kuyachukua maneno yangu.

Zabron alikuwa anapima futi za waya. Hakuinua kichwa.

"Yalikuwa mengi, Mama Janeth. Umekuja na gari?"

Duka lote likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akaacha waya akanishika mkono, akauliza tunatoka saa ngapi Jumapili, maana naye anakuja.

Usiku huu Janeth yuko Lushoto na wenzake. Ameshakula, nimeuliza.

Jumapili, 10 Desemba

Nitajaribu kuandika yote, ingawa nimechoka na shingo inauma kwa vilemba vya watu niliokumbatiana nao.

Tulitoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote za msimu huu, kana kwamba ulialikwa. Kwenye gari linalotangulia, kiti cha mbele ni cha mwinjilisti, ndivyo tulivyozoea. Nathanaeli alifungua mlango, nikamwomba radhi, nikamwambia leo kiti hicho kina mtu. Nikamwita Aron, ambaye alikuwa ameshapanda nyuma kwenye benchi lake pamoja na wazee wa kwaya. Alidhani kuna kitu kimeharibika. Nathanaeli alitutazama wote wawili, akatabasamu, akaenda kukaa kwenye Noah.

Msitu wa Magamba ulikuwa hauna juu wala chini. Lakini njano ilishuka chini ya ukungu kama baba alivyosema, na ukingo ukaonekana, majani yake, mawe yake, kushoto na kulia. Aron alishusha kioo akatoa kichwa nje, na kila kona alikuwa ananiambia, ukingo upo, ukingo upo. Nilikuwa nauona. Sikumwambia. Nyuma yetu kwaya walianza kuimba polepole, na gari la nyuma yetu likapokea, na lililofuata, na hakuna aliyetembea na tochi.

Tulipotokea kwa juu, Lushoto ilikuwa bado imefunikwa. Tukashuka. Langoni mwa kanisa alikuwa amesimama mtu mmoja mwembamba, ameshika kanzu isiguse tope, na alipoona taa alianza kuruka ruka. Mchungaji mtarajiwa, anaruka kama alivyokuwa akiruka ukingoni mwa shamba nikitoka sokoni. Nilizima injini nikalia pale pale kwenye usukani. Aron alinipa leso yenye vumbi la mbao.

Walimwekea mikono. Aliinama ni binti yangu, akainuka ni mchungaji, na bado alikuwa na ile njia yake ya kuvuta pua akizuia machozi. Nimekaa kwenye benchi la kanisa nimenyoosha mgongo kama mti. Leo sikuficha meno.

Kabla ya kuondoka, magari yakiwa yamejipanga, Nathanaeli aliomba mchungaji mpya ayaombee safari ya kurudi. Ombi lake la kwanza nje ya kanisa. Akaja mbele ya pikapu, akaweka mkono kwenye boneti. Akaona rangi. Akapitisha vidole kwenye shavu la kushoto, akauliza taratibu ni nani aliyeliandaa gari, ili amtaje.

Kila mtu alinitazama mimi. Gari ni la Klara, taa ni za Klara, kutangulia ni kwa Klara. Mwaka mwingine wowote ningejibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Anza na baba yako," nilisema.

Aron alikuwa nyuma anafunga benchi. Alisikia jina lake katika sala, na mikono yake ikasimama kwenye kamba mpaka amina.

Alhamisi, 14 Desemba

Mvua imepungua. Salvatory amekwenda kwa Zabron akanunua balbu za njano. Aron anakuja kila asubuhi kuinamia lile duara la bati tupu chini ya bolti, na linamuuma. Leo ameuliza kama anaweza kulipaka kidogo tu, pembeni pembeni. Nimekataa. Nimempa kopo la grisi. Amepaka grisi, bila tone, kisha akauliza kama kesho naweza kumfungulia taa ya kulia. Nimekwisha kumtafutia spana.